Yamaha DT125 iliyolala stoo tangu 2015: nianze na nini kabla ya kupiga kiki?

MwanaNjombe aliuliza:

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa wanaozifahamu Yamaha DT125 za zamani, zile za injini ya mapigo mawili inayopozwa kwa hewa, zenye tangi dogo la oili ya 2T lililojificha nyuma ya kifuniko cha ubavuni, chini ya kiti.

Baba yangu alikuwa bwana shamba, na DT ndiyo pikipiki aliyozungukia vijiji hadi alipostaafu mwaka 2015. Mwaka huohuo aliiegesha kwenye stoo ya nyuma hapa Njombe, akaifunika turubai, na tangu hapo haijawashwa. Hakumwaga petroli wala hakufungua kabureta, aliiacha kana kwamba angeirudia Jumatatu. Sasa mnunuzi wa vyuma chakavu amekuja kuiulizia, na mzee akanijibu kwa ukali kwamba kama sina muda wa kuitengeneza niseme, atatafuta mtu mwingine. Kwa hiyo kazi imenidondokea mimi.

Hali yake ni hii. Kiki inashuka mpaka chini lakini ni nzito kuliko ninavyoikumbuka. Petroli iliyobaki tangini imekuwa ya kahawia na inanuka kama vanishi, na nikimulika tochi ndani naona kutu. Tairi zote mbili zimekaa rimu. Betri imekufa kabisa. Jambo linalonishangaza ni oili ya 2T: mzee anaapa kwamba alijaza tangi lake kabla ya kuiegesha, lakini leo liko karibu tupu, na sakafu chini ya pikipiki ni kavu, haina hata doa.

Fundi mmoja wa bodaboda hapa mtaani ameniambia nimwage petroli ya zamani, niweke mpya na plagi mpya, kisha tuisukume mteremkoni ikiwa gia ya pili, itawaka yenyewe. Nimesita. Naomba kujua mambo matatu: oili imekwenda wapi, je, ni lazima injini ifunguliwe, na je, niitumie pampu ya oili iliyopo au niiondoe na kuchanganya oili kwenye petroli kwa mkono kama wanavyofanya wengine?


FundiMstaafu alijibu:

Ndugu MwanaNjombe, umefanya vema kusita. Ushauri uliopewa unaweza kupita kwenye Boxer au TVS, kwa sababu injini hizo za mapigo manne hubeba oili yake chini ya kranki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, na hata zikikaa miaka, pampu huipandisha oili hiyohiyo mara injini inapoanza kuzunguka. DT haina akiba hiyo. Beringi za kranki, beringi ya konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na kranki), pistoni na ukuta wa silinda hupata oili ile tu inayoingia pamoja na hewa na petroli. Petroli ikifika peke yake injini itawaka, tena kwa sauti nzuri tu, na baada ya dakika chache pistoni itang'ang'ania silinda. Kuiwasha DT ni rahisi. Kinachotaka akili ni nusu saa ya kwanza baada ya kuwaka.

Oili yenu haijapotea. Pampu ya pikipiki hiyo, ambayo Yamaha waliipa jina la Autolube, huchukua oili kwenye tangi lake na kuisukuma kwa mrija mwembamba hadi kwenye njia ya kuingilia hewa, mbele kidogo ya kabureta. Kwenye njia hiyo kuna vali ndogo ya kigololi na springi, ambayo kazi yake ni kuizuia oili isiteremke yenyewe wakati injini imezimwa. Kigololi kikishikwa na uchafu au springi ikichoka, oili hupenya tone kwa tone, na kwa kuwa tangi liko juu ya injini, oili yote huishia kwenye chumba cha kranki. Ndiyo maana sakafu ni kavu na kiki ni nzito. Kwa baridi na ukungu wa Njombe hiyo ni bahati kwa upande mmoja, kwa sababu kranki iliyolowa oili haishiki kutu kwa urahisi. Kwa upande mwingine, ukiizungusha injini kwa nguvu ikiwa na plagi yake, oili hiyo itapandishwa juu ya pistoni, na kimiminika hakibanwi kama hewa. Kwa kiki ya mguu kiki itakataa tu. Kwa kusukuma mteremkoni, uzito wa pikipiki na wa aliyeipanda unaweza kuipinda konrodi.

Kwa hiyo chomoa plagi kwanza na usiirudishe mpaka nitakapofika huko mbele. Toa tangi la petroli, kisha kabureta, kisha fungua bolti zinazoshika ridi, yaani vali ya vibamba vyembamba kwenye njia ya hewa, kwenye silinda. Toa pia kifuniko cha magneti upande wa kushoto, ushike gurudumu la magneti kwa mkono na ulizungushe taratibu, ukisikiliza na kuhisi. Uzito ulio sawa pande zote, unaopungua kadiri unavyozungusha, ni oili nzito tu. Mkwaruzo wa chembechembe unaojirudia mahali palepale kila mzunguko ni kutu kwenye beringi, na hapo hakuna mjadala, injini ifunguliwe. Ipandishe pistoni mpaka juu kabisa. Utaona kwamba mlango wa kuingilia hewa umefunguka chini yake. Pitisha hapo mrija laini uliofungwa kwenye bomba kubwa la sindano, uufikishe chini ya chumba cha kranki na uivute oili. Usijisumbue na matone ya mwisho. Hayo yatatoka kwenye eksozi kama moshi, na majirani watalalamika kwa muda mfupi.

Ukiwa na ridi mkononi, zitazame kwenye mwanga. Vibamba vyake vinatakiwa kulala kabisa kwenye kiti chake bila mwanya, na ncha zake zisiwe na ufa wala kumeguka, maana kipande kikikatika kinaingia moja kwa moja kwenye silinda. Papasa pia mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukiukunja kidogo na ukaona mistari ya nyufa, hata kama haijapenya, usiurudishe.

Kuhusu pampu, mimi ni wa upande wa kuiacha, kwa masharti. Mwaga oili iliyobaki kwenye tangi lake, lisafishe pamoja na kichujio chake kidogo, na ubadilishe mirija iliyokakamaa kwa mirija inayoangaza ili uweze kuona mapovu. Jaza oili mpya ya 2T. Kwenye mwili wa pampu kuna skrubu ndogo yenye washa, ya kutolea hewa. Ifungue, iache oili itiririke mpaka isitoe povu hata moja, ndipo uifunge. Bado mrija wa kutoka kwenye pampu kwenda kwenye injini utakuwa na hewa ndani, na hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu wakiona oili imefika kwenye pampu wanadhani kazi imekwisha. Pampu hiyo husukuma kiasi kidogo sana kwa kila mzunguko, kwa hiyo mrija mtupu unaweza kuchukua dakika kadhaa kujaa, na dakika hizo injini inafanya kazi kavu. Ujaze kwa sindano kabla ya kuurudisha, na kwa sindano hiyohiyo uijaribu ile vali ya kigololi: oili ipite kuelekea kwenye injini kwa upinzani mdogo, na isirudi kabisa ukiivuta kinyume. Ikirudi, ioshe kwa petroli safi. Isiposikia, tafuta nyingine, la sivyo utaikuta tena oili yako kwenye kranki baada ya mvua za mwaka ujao.

Hata baada ya yote hayo, tangi la kwanza la petroli lichanganye na oili ya 2T, mililita 30 kwa kila lita. Chora alama ya kalamu kwenye ubavu wa tangi la oili mahali oili ilipofikia. Oili ikishuka chini ya alama kadiri unavyoendesha, ujue pampu inafanya kazi, na tangi la pili unaweza kujaza petroli tupu. Isiposhuka, mchanganyiko wako utakuwa umeiokoa injini.

Betri isikusumbue kwa sasa. Kwenye DT nyingi za aina hiyo, moto wa plagi unatoka kwenye koili za magneti kupitia CDI, yaani kisanduku cha kielektroniki kinachotoa moto wa plagi, na betri inahudumia honi na taa za ishara tu.


MtaaWaKirinyaga alijibu:

Salaam kutoka Nairobi. FundiMstaafu amemaliza mambo ya oili, nami nitaongeza ya tangi na kabureta, kwa sababu pikipiki nyingi zilizolala huwashwa, zikakimbia kilomita chache, kisha zikaanza kuzimika njiani, na mwenyewe akadhani ni injini kumbe ni kutu inayoteremka kutoka tangini.

Usilisafishe tangi kwa kulisuuza petroli mara mbili tatu na kuliita safi. Litoe, ondoa koki ya petroli na kofia, ziba tundu la koki kwa kizibo cha mpira, kisha osha kwanza kwa maji ya moto na sabuni ya unga ili kuondoa ule utomvu wa petroli ya zamani, kwa maana siki haipenyi mahali penye utomvu. Baada ya hapo jaza siki nyeupe mpaka juu, uiache siku moja au mbili. Kama kutu ni magamba, tia humo kipande cha cheni ya zamani iliyooshwa au nati ndogo ulizozihesabu, utikise vizuri, na uhakikishe zimetoka zote. Ukimwaga siki, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuiua asidi, kisha suuza kwa maji safi. Kuanzia hapo fanya haraka, kwa sababu chuma kitupu chenye unyevu hushika kutu ya rangi ya machungwa mbele ya macho yako. Kikaushe kwa hewa ya kompresa au kwa jua kali, na mara tu kikikauka mimina petroli kidogo yenye oili ya 2T, uizungushe ndani ienee kila pembe. Kama tangi lina tundu, tafadhali usilipeleke kwa mchomeleaji eti kwa sababu halina petroli. Mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka.

Koki nayo ifungue. Ndani yake kuna chujio la wavu na mpira wenye matundu, na mpira huo ukikakamaa koki huvuja hata ikiwa imefungwa.

Kwenye kabureta, ambayo kwa kawaida ni Mikuni, toa bakuli la chini na utakuta gundi ya kahawia imeganda. Jeti kubwa utaiona na utaisafisha bila shida. Inayosumbua ni jeti ndogo ya sailensa, yaani ya injini kunguruma taratibu bila kuongezwa mafuta, ambayo tundu lake ni jembamba mno na limejificha ndani ya kisima chake. Hiyo ikiziba kidogo tu, pikipiki itawaka kwa choki na kuzimika mara unapoirudisha choki. Itoe kabisa, iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, uipitishe uzi mmoja wa shaba uliotolewa kwenye waya wa umeme, kisha uitazame kwenye mwanga mpaka uone duara kamili. Usitumie waya wa chuma wala sindano ya kushonea, maana shaba ya jeti ni laini na tundu likipanuka halirudi. Skrubu ya hewa ifunge polepole mpaka iguse, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu, upate pa kuanzia. Kagua pia sindano ya floti, ile inayofunga petroli bakuli likijaa: ikiwa ncha yake ina mkunjo wa duara, petroli itapita muda wote na kuijaza tena ile kranki uliyoikausha.

Neno moja kuhusu choki, kwa sababu nimewaona watu wazima wakipiga kiki mpaka wakachubuka. Choki ya Mikuni hiyo ni njia ndogo ya pembeni ya petroli, na inavuta pale tu mkono wa mafuta ukiwa umefungwa kabisa. Ukipiga kiki huku unazungusha mkono wa mafuta, umeifuta choki.

Spea za DT bado zinapatikana kwenye maduka ya Kirinyaga Road, na nasikia Kariakoo pia. Nenda na kifaa cha zamani mkononi badala ya kutegemea jina la pikipiki, kwa kuwa DT125 zimetoka kwa miaka mingi na kwa maumbo tofauti.


SiliKwanza alijibu:

Ninaheshimu waliotangulia, lakini sikubaliani na wazo la kujaribu kwanza na kufungua baadaye. Oili sili za kranki ni mpira, na mpira uliokaa mahali pamoja tangu 2015 hukakamaa kwenye mdomo wake unaogusa shafti. Kwenye injini ya mapigo mawili, chumba cha kranki ni sehemu ya njia ya kupumua: pistoni ikipanda kinavuta, ikishuka kinasukuma. Sili ya upande wa magneti ikivuja, injini inavuta hewa ya ziada isiyo na petroli wala oili, joto linapanda, mzunguko unapanda wenyewe, na pistoni inatoboka au inang'ang'ania hata kama pampu ya oili ni mpya kutoka kiwandani. Kwa maoni yangu toa injini, ipasue, weka sili mbili na beringi mbili mpya, na ulale usingizi. Pampu nayo ningeiondoa. Oili ukiichanganya kwa mkono wako, mililita 40 kwa lita, unajua imeingia. Pampu ya zamani unaiamini tu.


FundiMstaafu alijibu:

Ndugu SiliKwanza, hoja yako ya sili ni ya kweli na nilikuwa ninaielekea. Ninapotofautiana nawe ni kwenye kupasua injini ambayo huenda ni nzima. Kesi zile zikishatenganishwa zinataka gasketi mpya, pula ya kutenganishia na mkono uliozoea kupanga gia, na kijana huyu anafanyia kazi stoo. Sili zinaweza kupimwa zikiwa mahali pake.

MwanaNjombe, kipimo chenyewe ni hiki. Ziba mlango wa eksozi kwa kipande cha tyubu na ubao uliobanwa kwa bolti za eksozi, ziba mlango wa kabureta vivyo hivyo lakini upitishe mrija mmoja wa hewa, ziba na ule mrija mwembamba wa oili, kisha rudisha plagi. Sasa unahitaji pampu ndogo ya hewa yenye kipimo cha shinikizo dogo, na geji ya tairi haifai kwa sababu haioni shinikizo la chini hivyo. Kifaa kinachofaa kipo kwenye zahanati: ile mashine ya mkono ya kupimia presha ya damu, yenye mpira wa kubinya na saa yake. Kipimo chake huishia milimita 300 za zebaki, ambazo ni kama psi 5.8, na shinikizo la kupimia sili za injini hizi ni karibu psi 6. Jaza mpaka 250 na usubiri dakika kadhaa. Injini nzima itashuka kidogo sana. Mshale ukiteremka huku unautazama, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo, ukianzia na vizibo vyako mwenyewe, kisha gasketi ya silinda, mpira wa kabureta, na nyuma ya magneti. Mapovu yatakuonyesha.

Kuhusu pampu, kila mtu na imani yake. Mililita 40 kwa lita kwa kuchanganya kwa mkono ni kiasi salama, na anayetaka kuiondoa anaweza. Ila atakayekuja kuipanda pikipiki hii ni mzee aliyeizoea na pampu yake, na siku atakapojaza petroli tupu kituoni kwa mazoea, pampu uliyoiondoa haitamsaidia.


MwanaNjombe alijibu:

Wazee wangu, shikamooni, na wengine nawashukuru sana. Nimefuata maelekezo na ninayo majibu.

Oili ilikuwa kwenye kranki kama mlivyosema. Nilivuta kiasi kikubwa, nyeusi ya kijani na nzito, na baada ya hapo kiki ikawa nyepesi. Nilipozungusha magneti kwa mkono sikusikia mkwaruzo wowote. Ridi ni nzima. Sifongo la kichujio cha hewa, ambalo hakuna aliyelitaja, lilikuwa limeoza: nilipoligusa lilivunjika likawa unga unaonata, na vipande vingine vilikuwa vimeshadondoka kwenye mpira unaoelekea kwenye kabureta. Ningeiwasha hivyo, vyote vingevutwa ndani. Kwenye eksozi nimekuta kiota cha nyigu wa udongo, nimekitoa kwa waya.

Moto wa plagi haukuwepo kabisa mwanzoni. Nilichomoa waya mweusi wenye mstari mweupe unaokwenda kwenye swichi ya kuzimia, moto ukaja wa buluu na wa sauti. Kwa hiyo CDI na koili ni nzima, na tatizo lilikuwa kutu ndani ya swichi. Nimeifungua na kusugua vigusio vyake kwa msasa laini, sasa inawasha na kuzima inavyotakiwa.

Kipimo cha presha nimekiazima kwa jamaa wa zahanati, ambaye aliniuliza mara mbili kama ninamaanisha pikipiki. Kutoka 250 mshale unateremka mpaka karibu na sifuri kwa muda mfupi. Mapovu yanatoka sehemu mbili: kwenye ufa wa mpira wa kabureta, na nyuma ya magneti upande wa kushoto, kuzunguka shafti. Upande wa klachi siwezi kuona bila kufungua kifuniko. Je, nibadilishe ya kushoto peke yake, au nifungue na upande wa kulia? Na je, nitajuaje kipimo cha sili bila kitabu?


FundiMstaafu alijibu:

Marahaba. Kazi nzuri, na la sifongo umenizidi. Nilipaswa kuanza nalo. Usiweke pikipiki hiyo barabarani bila kichujio kwa sababu ya vumbi la huko, na sifongo jipya lipake oili kidogo na ulikamue kabla ya kulivalisha, maana likiwa kavu vumbi linapita.

Sili ya kushoto haihitaji kupasua injini. Toa magneti kwa pula yake yenye uzi unaolingana, usiigonge kwa nyundo wala kuichokoa kwa bisibisi, kwa sababu sumaku zake hupasuka na shafti hujeruhika. Ukiitoa, tafuta kile kipande kidogo cha nusu duara kinachokaa kwenye mfereji wa shafti. Kikidondoka na kupotea, magneti itakaa vibaya na wakati wa moto utaharibika. Toa sahani ya koili baada ya kuiwekea alama ilipokaa, na sili utaiona. Usoni mwake imeandikwa tarakimu tatu, yaani kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, kwa milimita, na hizo ndizo unazompa muuza spea. Kabla ya kuitoa, piga picha uone upande upi unatazama nje, kwa kuwa mpya lazima ikae vilevile. Itoe kwa skrubu ndogo mbili ulizozizamisha kwenye bati lake, ukivuta sawasawa, na usiiguse shafti. Mpya ipake grisi mdomoni na uisukume kwa kipande cha bomba kinacholingana na ukingo wake.

Upande wa kulia uamue kwa ushahidi. Ukishaweka sili ya kushoto na mpira mpya wa kabureta, rudia kipimo cha presha. Kikishika, sili ya kulia iache. Kikiendelea kushuka bila povu lolote nje, hewa inapita kwenda kwenye gia boksi, na utaithibitisha kwa kufungua kizibo cha oili ya gia na kusikiliza. Dalili yake barabarani ni moshi mweupe usiokwisha na oili ya gia inayopungua bila kuvuja popote, maana injini inaivuta na kuichoma. Oili ya gia yenyewe, ambayo ni chini ya lita moja, ibadilishe hata kama inaonekana safi.

Siku ya kuwasha, plagi iwe mpya, B8ES ndiyo inayotajwa kwa DT nyingi za kupozwa kwa hewa, mwanya wake milimita 0.7. Klachi nayo hugandamana ikikaa muda mrefu, kwa hiyo kabla ya kuwasha weka gia ya tatu, kamata klachi, uitikise pikipiki mbele na nyuma mpaka gurudumu la nyuma lizunguke huru. Usiposhughulika na hilo, itakuruka ukiwa umekamata klachi. Weka choki, mkono wa mafuta uwe umefungwa, piga kiki. Ikiwaka, iache inguruke taratibu, usiivumishe. Ikianza kupandisha mzunguko yenyewe bila wewe kugusa mafuta, zima mara moja. Isipozimika kwa swichi, kanyaga breki ya nyuma, weka gia ya juu na uachie klachi mpaka ikabwe. Hiyo ni hewa inayoingia mahali usipopaona, na unarudi kwenye mashine ya presha.

Breki za ngoma zifungue mbele na nyuma. Viatu vyake hubanduka kwenye chuma chake baada ya miaka ya unyevu, na kinachobanduka hukwama ndani ya ngoma na kufunga gurudumu. Toa na ile shafti inayotanua viatu, isugue kutu na uipake grisi kidogo. Tairi ni inchi 21 mbele na 18 nyuma. Tazama ubavuni tarakimu nne za mwisho za herufi za DOT, ambazo mbili ni wiki na mbili ni mwaka wa kutengenezwa, na kama ni za kabla ya 2015, kama ninavyodhani, usizijaze upepo, nunua nyingine pamoja na tyubu.

Safari za kwanza ziwe fupi na za kubadilisha mwendo, usishike mafuta mahali pamoja kwa muda mrefu. Na kwa kuwa uko kwenye milima, kumbuka kwamba ukiteremka mlima mrefu kwa gia huku mafuta yamefungwa, injini inazunguka kwa kasi ikipata oili kidogo sana. Kamata klachi na utumie breki, au fungua mafuta kidogo kila baada ya muda ili oili iingie. Ukirudi kutoka kwenye safari ya kwanza ya maana, izime ikiwa bado kwenye mwendo kwa swichi huku umekamata klachi, chomoa plagi hapohapo barabarani na uitazame. Kaure yake ikiwa ya kahawia isiyokolea, endelea. Ikiwa nyeupe au ya kijivu kavu, usiipande tena hata mita mia, ivute nyumbani na utupigie picha ya plagi hiyo.